Ndugu Yako Ameshikwa na Polisi: La Kufanya Kuanzia Kituoni hadi Siku ya Hukumu

Mdogo wangu alishikwa Ijumaa jioni kwenye stendi ya matatu, mfukoni ana simu aliyoinunua kwa shilingi elfu tatu. Kumbe simu ni ya wizi. Mama alipopata habari alijifunga leso, akatia pesa kwenye kifundo, akaenda kituoni "kuongea na wakubwa". Saa nne za usiku alirudi bila pesa, bila mtoto, na bila karatasi hata moja mkononi.

Mwongozo huu nimewaandikia walio nje ya seli: mama, kaka, mke, jirani. Aliye ndani hana simu wala miguu, kwa hiyo haki zake nyingi zinasimama au kuanguka kwa mnachofanya ninyi. Mimi si wakili. Nilikaa miezi kumi na minne kwenye mabenchi ya korti nikifuata kesi moja, nikajifunza kwa kuuliza na kwa kukosea. Sheria ninazotaja ni za Kenya. Msomaji wa Tanzania au Uganda afuate za kwao, maana muda na taratibu hutofautiana.

Hatua ya 1: Jua yuko kituo gani, na usiondoke bila namba ya OB

Kila anayeingizwa kituoni huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho kila mtu Kenya anakiita OB. Namba yake husomeka kama 23/14/6/2024, yaani tukio la ishirini na tatu la tarehe 14 Juni. Ukiwa na namba hiyo, hakuna wa kukwambia kesho kuwa mtu wako hakuwahi kufika pale. Bila hiyo, wewe ni mtu anayelia kwenye kaunta.

Nilipokwenda Jumamosi asubuhi mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo afande. Namtafuta mdogo wangu, aliletwa hapa jana magharibi."

"Huyo bado anahojiwa."

"Sawa afande. Naomba tu namba ya OB na jina la afisa anayeshughulikia faili."

Alinitazama, akafungua kitabu. Ukiwa na adabu na ukajua jina la unachokitaka, mlango hufunguka haraka kuliko kwa kelele.

Hapo hapo uliza ameshikwa kwa kosa gani. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, aambiwe ana haki ya kunyamaza, na aambiwe pia madhara ya kutonyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine anaowahitaji wamsaidie. Kama ana dawa za kumeza, pumu au kisukari, mwambie afisa na uombe liandikwe.

Sasa hesabu za saa 24. Polisi wanatakiwa kumfikisha kortini haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24 tangu kukamatwa. Ila saa hizo zikiishia nje ya saa za korti, au siku ambayo korti haikai, muda husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana Wakenya wana msemo "kamata kamata ya Ijumaa": mtu akishikwa Ijumaa jioni, Katiba yenyewe inaruhusu akae hadi Jumatatu.

Wengi huamini kwamba polisi wakipitisha saa 24 kesi imekufa. Haijafa. Mwaka 2006, katika kesi ya Albanus Mwasia Mutua, Mahakama ya Rufani ilimwachilia mtu kwa sababu ya kucheleweshwa namna hiyo, na habari zikaenea kama moto. Lakini mwaka 2010, katika kesi ya Julius Kamau Mbugua, mahakama hiyo hiyo ilibadilisha msimamo: aliyecheleweshwa anaweza kudai fidia, ila mashtaka yanaendelea. Kwa hiyo andikeni saa aliyokamatwa na mlalamike mbele ya hakimu, lakini msingoje muujiza.

Hatua ya 2: Mwambie anyamaze

Ukiruhusiwa kumwona kwa dakika mbili, usizimalize kwa kumlaumu. Mwambie aseme jina lake na anakoishi, kisha kuhusu tukio lenyewe aseme: "Nitazungumza nikiwa na wakili." Kunyamaza si jeuri wala si kukiri, ni haki iliyoandikwa kwenye Katiba.

Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haikubali ungamo lolote lililotolewa tu kwa askari aliyekuwa zamu. Ungamo lisikike mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kisichopungua Inspekta, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Mtu huyo wa tatu anaweza kuwa wewe. Kwa hiyo askari akimwambia "saini hapa uende nyumbani", asisaini asichokisoma. Na kama hajui kusoma, asisaini hadi asomewe na mtu anayemwamini.

Jambo jingine ni gwaride la utambuzi, pale shahidi anapoletwa amtambue mshukiwa kwenye safu. Taratibu za polisi zinataka awekwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na mwonekano, achague mwenyewe mahali pa kusimama, na aweze kubadilisha nafasi kila shahidi mpya anapoingia. Ana haki ya kuwa na wakili au rafiki pale. Akipangwa yeye peke yake na ndevu kati ya vijana wasio na ndevu, aseme papo hapo kwamba haridhiki, na aombe liandikwe kwenye fomu. Lalamiko la papo hapo lina uzito kuliko linalokumbukwa mwaka mmoja baadaye.

Hatua ya 3: Dhamana ya kituoni

Kwa makosa mengi, mkuu wa kituo anaweza kumwachilia mtu kwa bondi ili afike kortini mwenyewe siku iliyotajwa. Hawezi kwa mauaji, uhaini, wizi wa kutumia nguvu au jaribio lake. Hayo husubiri korti. Bondi yenyewe haiuzwi. Mkiweka amana ya pesa taslimu, lazima mpewe risiti rasmi, na pesa hizo ni zenu, zinarudi. Pesa isiyo na risiti ndiyo ile iliyotoka kwenye kifundo cha leso ya mama yangu.

Hatua ya 4: Isome karatasi ya mashtaka kama unavyosoma mkataba wa shamba

Hapa ndipo sheria ya jinai ilipo, na hapa ndipo familia nyingi hupita mbio. Karatasi ya mashtaka ina sehemu mbili: jina la kosa pamoja na kifungu cha sheria, halafu maelezo ya kilichodaiwa kutendeka. Kila kosa limejengwa kwa vipande, na upande wa mashtaka lazima uthibitishe kila kipande pasipo kuacha shaka ya maana. Kikikosekana kimoja, kosa halisimami.

Karibu kila kosa lina vipande viwili vikubwa: tendo na nia. Mtu akikanyagwa na gari akafa, tendo la kuua lipo. Lakini ili liwe kuua kwa kukusudia chini ya kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu, lazima ionyeshwe dhamira ovu. Bila dhamira hiyo, linashuka hadi kuua bila kukusudia. Maiti ni moja, ila sheria inatazama kilichokuwa kichwani mwa mtendaji.

Turudi kwa simu ya elfu tatu. Mdogo wangu alisomewa shtaka la kuiba, na chini yake shtaka mbadala la kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322. Hilo la pili adhabu yake inaweza kufika miaka 14, na hapo mama alipiga ukelele. Lakini vipande vyake ni hivi: mali iwe ya wizi kweli, awe aliipokea au kuishika, na awe alijua ni ya wizi *au alikuwa na sababu ya kuamini hivyo*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kesi nzima. Bei ya elfu tatu kwa simu ya elfu kumi na nane ingeweza kumtia hatiani, kwa kuwa hakimu atauliza: hukushangaa?

Mahakama pia huangalia jambo la kupatikana na mali iliyoibwa hivi karibuni. Ukikutwa na kitu kilichoibwa juzi na huna maelezo ya kueleweka, korti inaweza kukisia kuwa wewe ndiye mwizi au ulikipokea kwa mwizi. Kwa hiyo kunyamaza kituoni ni sawa, lakini mbele ya safari maelezo yatahitajika. Yetu yalikuwa kwenye M-Pesa: alimlipa muuzaji kwa simu, jina likatokea. Siku ile ile tulichapisha taarifa ya malipo, maana ujumbe hufutika, na simu yenye ujumbe huchukuliwa kama kielelezo.

Linganisha pia maneno ya karatasi na kilichotokea. Kijana akipora kipochi akiwa na mwenzake mmoja, na mwenye kipochi akasukumwa, anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 296(2), wizi wa kutumia nguvu. Kuwa na mwenzake peke yake kunatosha kulipandisha kosa, hata bila silaha. Adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu bado hutolewa na mara nyingi hugeuzwa kifungo cha maisha. Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa muuaji ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Ukiona 296(2) kwenye karatasi, usijaribu kwenda bila wakili.

Hatua ya 5: "Ni kweli" au "si kweli"

Hakimu anakaa, karani anasoma mashtaka kwa kasi ya mtu aliyesoma mengine ishirini asubuhi hiyo, kisha anauliza: "Umesikia mashtaka? Ni kweli au si kweli?"

Mdogo wangu alijibu: "Ni kweli simu nilikuwa nayo."

Nilihisi damu ikiganda. Alidhani anakuwa mkweli, kama tulivyolelewa. Lakini swali haliulizi kama ulikuwa na simu. Linauliza kama unakubali kosa lote, na vipande vyake vyote. Bahati yetu hakimu yule alikuwa na subira. Aliinua kichwa, akauliza, "Ulijua imeibwa?" "Hapana mheshimiwa, nilinunua." Akaandika kuwa mshtakiwa amekana. Hakimu mwenye haraka angeweza kuandika jambo jingine.

Sheria inamtaka hakimu afanye alivyofanya yule. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, utaratibu ni huu: shtaka lisomwe na kila kipande kielezwe kwa lugha anayoijua mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, akikubali, kiongozi wa mashtaka asome maelezo ya tukio, mshtakiwa aulizwe kama maelezo hayo ni sahihi, na akipinga hata sehemu inayogusa kosa, korti iandike kuwa amekana. Asiyejua Kiswahili wala Kiingereza hupewa mkalimani bure. Mzee wa Kigiriama au Mpokomo asione haya kusema hajaelewa. Hadi adhabu itamkwe, aliyekubali anaweza kuomba kubadilisha jibu.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu aliyekubali kosa mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa kupinga hatia yake. Kinachobaki ni kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Kuna watu kituoni na kwenye korido za korti watakaomshauri "kubali tu, utapigwa faini uende zako". Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine faini ni laki mbili au miaka miwili, na mshauri hayupo tena. Anayetaka kukubali kosa dogo badala ya kubwa ana njia halali ya makubaliano ya maandishi na upande wa mashtaka. Hayo ni bora yafanywe na wakili, si koridoni.

Hatua ya 6: Dhamana ya korti

Siku hiyo hiyo, mara tu akishakana, ombeni dhamana. Tangu Katiba ya 2010 hakuna kosa Kenya lisilo na dhamana, hata mauaji. Kumnyima ndiko kunakohitaji sababu nzito, na anayetakiwa kuileta sababu hiyo ni upande wa mashtaka: kwamba atatoroka, atawatisha mashahidi, au maisha yake yatakuwa hatarini. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba hairuhusu awekwe rumande kabisa.

Msaidie hakimu aone mtu mwenye mizizi. Nendeni na barua ya chifu, barua ya mwajiri au ya shule, na kitambulisho cha mdhamini. Kuna dhamana ya pesa taslimu, kuna bondi yenye mdhamini anayeweka hati ya shamba au ya gari, na kuna bondi ya kibinafsi ambayo mtu husaini tu ahadi. Kiasi kikiwazidi, semeni. Katiba inataka masharti yawe ya kadiri, na hakimu anaweza kuyapunguza. Tulipangiwa elfu hamsini, tukaeleza kwamba mama huuza mahamri, ikashuka hadi elfu ishirini. Lipeni kwa njia rasmi ya mahakama tu, na risiti muiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Mdhamini aelewe anachosaini. Mshtakiwa akikosa kufika, atatafutwa yeye na mali yake.

Hatua ya 7: Wakili, na maelezo ya mashahidi

Kabla ya kumlipa mtu yeyote aliyevaa suti nje ya korti, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya na ana leseni ya mwaka huo. Orodha iko kwenye intaneti. Asiye na uwezo aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, au mashirika kama Kituo cha Sheria. Kwenye kesi za mauaji Mahakama Kuu humpangia wakili asiyeweza kulipa. Kwa makosa mengine, Katiba inasema Serikali itoe wakili pale ambapo bila yeye haki itapotea kwa kiasi kikubwa, na hilo lazima liombwe, haliji lenyewe.

Uwe na wakili au usiwe naye, ombeni nakala za maelezo ya mashahidi na vielelezo vyote kabla kesi haijaanza kusikizwa. Ni haki chini ya Ibara ya 50. Msipopewa, mshtakiwa amwambie hakimu: "Sijapata maelezo, siko tayari." Kwenye maelezo hayo tuligundua mwenye simu aliripoti wizi siku mbili baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya mashtaka.

Hatua ya 8: Kesi kusikizwa

Mashahidi wa upande wa mashtaka huanza, na mshtakiwa huwauliza maswali. Aulize mafupi, na asigombane nao. Wakimaliza, hakimu huamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwa hakuna, anaachiliwa hapo hapo chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ikiwa ipo, ana njia tatu: kuapa na kutoa ushahidi, kisha aulizwe maswali; kusema bila kuapa, asiulizwe; au kunyamaza. Kusema bila kuapa kunavutia, lakini maneno hayo huwa mepesi kwenye mizani. Mdogo wangu aliapa, kwa kuwa alikuwa na karatasi ya M-Pesa ya kuonyesha.

Mara nyingine upande wa mashtaka huondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a), na familia huchinja kuku. Chinjeni, ila jueni kwamba huko si kuachiliwa huru. Anaweza kukamatwa tena kwa jambo lile lile. Na wazee wakitaka "kuyamaliza nyumbani", hilo linafaa kwa ugomvi na vipigo vidogo. Kesi ya mtoto aliyenajisiwa si ya kumalizwa chini ya mwembe, na anayejaribu anajiingiza kwenye kesi yake mwenyewe.

Hatua ya 9: Siku ya hukumu

Akitiwa hatiani hupewa nafasi ya kujitetea juu ya adhabu. Ataje anaowalisha, ugonjwa, na kama ni kosa la kwanza. Muda aliokaa rumande lazima uhesabiwe kwenye kifungo kulingana na kifungu cha 333(2), na mahakimu husahau, kwa hiyo akumbushe kwa tarehe. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Ombeni nakala ya hukumu siku hiyo hiyo, msingoje wiki ya pili.

Sisi hatukufika kwenye rufaa. Hakimu alisoma kurasa nne, akasema bei ya simu inatia shaka lakini anayejua ananunua mali ya wizi halipi kwa njia inayoacha jina lake na la muuzaji. Akamwachilia. Mama hakungoja nje kama wengine. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la karani, akafungua kile kifundo cha leso, akatoa risiti ya elfu ishirini iliyokunjwa mara nne. Karani alimwambia arudi na barua ya maombi na nakala ya kitambulisho. Pesa zilichukua wiki saba kurudi.